Kuwaaga Wakongwe wa Kikosi cha Migebuka

Mheshimiwa Diwani, mgeni wetu rasmi, uliyekubali kuziacha kazi za kata uje kukaa na watu wanaopigana vita kwenye simu. Ndugu Mwenyekiti wa Mtaa. Mama zetu wa kikundi cha mawese mliotuazima ukumbi huu pamoja na masufuria yenu. Ndugu wageni waalikwa mliotoka Mwandiga, Ilagala na hapa hapa Ujiji. Wakongwe wetu watatu tunaowaaga leo, Anatoli, Ritha na Faridi. Na ninyi wageni wapya wa Kikosi cha Migebuka, ambao hadi leo asubuhi tulikuwa tunafahamiana kwa sauti tu: wakubwa shikamooni, wadogo zangu hamjambo. Waha wenzangu, mwakeye, na kama asubuhi imekwisha kupita mniwie radhi, mdomo umezoea hiyo. Ambaye sijamtaja, cheo chake nakiheshimu, ila nikianza kutaja vyeo vyote tutafunga ukumbi bila kusema lililotuleta.

Kwa wasionifahamu, mimi ni Dismasi, fundi wa mashine za boti, mkazi wa Buzebazeba, na kapteni wa kikosi hiki tangu kilipoanzishwa. Wote wananiita Mjomba, ingawa humu ndani hakuna mtu hata mmoja ambaye mama yake ni dada yangu. Shule niliishia darasa la tano. La sita nililisikilizia dirishani, na kwa nilivyosikia hawakuwa na jipya. Lakini mashine yoyote inayoelea katika ziwa hili, kuanzia Kibirizi hadi mpakani, nikiisikia kwa mbali nakwambia ugonjwa wake, jina la mwenye boti, na kama nahodha amekunywa chai.

Mheshimiwa, najua umekaa hapo unajiuliza: watu wazima hawa, gemu la nini? Nitakueleza kwa kifupi, ingawa kifupi sikukizoea. Gemu letu linaitwa Ngome. Watu sita, kila mmoja kwake na simu yake, wanalinda jengo moja la mawe dhidi ya watu wengine sita ambao huenda wako Mbeya na huenda wako Uchina. Mnasikiana sauti. Ukipigwa unaanguka, lakini bado hujatoka: mwenzako akija akasimama juu yako, akatulia pale bila kupigana, unanyanyuka na kuendelea. Asipokuja, umetoka. Na muda wote ukiwa chini unasikia kila kinachosemwa, ila wewe husikiki. Hilo la mwisho, Mheshimiwa, naomba ulishike, maana mbele ya hotuba hii tutalihitaji.

Sasa, katika gemu hili mimi ni mkongwe wa wakongwe. Kabla yangu Kigoma ilikuwa haijulikani. Watu walidhani ziwa limeishia upande wa Kongo. Siku moja nililinda ngome peke yangu, mkono mmoja umeshika simu, mkono wa pili umo ndani ya mashine ya watu umejaa grisi, na chaji imebaki kidogo kiasi kwamba hata simu yenyewe ilikuwa inaona aibu kuionyesha. Niliwaangusha watano. Wa sita aliponiona nakuja alijiangukia mwenyewe. Naona Ritha anatikisa kichwa. Ritha, siku hiyo hukuwepo. Hakuwepo mtu yeyote, na hiyo ndiyo shida ya mambo makubwa niliyoyafanya mimi: mengi nimeyafanya nikiwa peke yangu.

Niliingia humu mwaka ule aliofariki mke wangu, Catherine. Msiba ule ulikuwa mkubwa. Watu walijaa mpaka barabarani, na pale Kibirizi boti hazikuondoka, kwa sababu mafundi, manahodha na wapakiaji wote walikuwa wamekaa kwangu. Akitokea mtu akasema ziliondoka, huyo hakuja msibani. Lakini msiba una tabia yake. Matanga yanaanuliwa, turubai linakunjwa, viti vinarudishwa kwa mwenyewe, na unabaki na sufuria kubwa kuliko njaa yako. Watoto wangu wawili walirudi kwenye maisha yao, mmoja Mwanza, mmoja Songea, na siwalaumu, maana hata mimi ningekuwa na pa kurudi ningerudi. Jioni nilikuwa nafungua redio, sisikilizi habari wala muziki, nasubiri tu mtangazaji akohoe.

Ndipo akaja Faridi, huyu aliyekaa hapa mbele, kufuata mashine ya baba yake. Akaniamkia, nikaitikia. Akasema, "Mjomba, mashine imepona?"

Nikamwambia, "Imepona tangu juzi."

"Sasa mbona jana nilipokuja ulinirudisha?"

"Ili uje na leo."

Faridi hakucheka. Alikaa kwenye ndoo pale karakana, akaninyang'anya simu kwa adabu, akaniwekea gemu kwa bando lake, na nakumbuka maneno yake mpaka leo: "Humu, Mjomba, saa zote kuna watu." Ndugu wageni waalikwa, mnaweza kumtafutia mtu dawa ya kila aina, lakini maneno hayo sita sijaona duka linaloyauza.

Siku ile ya kwanza nilianguka kabla sijajua kitufe cha kutembea ni kipi. Nililala pale mlangoni mwa ngome, nasikia watu wanakimbia, wanapiga kelele kwa lugha ambazo sijui zinatokea wapi, na nikajisemea, basi, hata humu nimechelewa. Mara akaja mtu mwenye bendera ya Brazili begani. Akasimama juu yangu. Akapigwa mgongoni, hakuondoka. Akapigwa tena, hakuondoka, mpaka nikanyanyuka. Halafu akaenda kwenye ngazi, akaruka mara mbili, akanigeukia. Akaruka tena mara mbili, akanigeukia. Nikaelewa: hapa pana hatari. Kwenye kila pembe yenye hatari aliniruka-rukia vile vile mpaka ngome nzima nikaijua. Nilimshukuru kwa Kiha, niliona Kiswahili kitamchanganya. Akaondoka, na sijamwona tena. Nimemtafuta sana. Wabrazili ni wengi mno.

Nauliza, ndugu zangu: mtu ambaye hanijui jina, hajui Buzebazeba iko upande gani wa dunia, hatapata kwangu hata mgebuka mmoja wa kukaanga, alisimama juu yangu huku anapigwa. Je, sisi tunaokutana sokoni Mwanga, tunaozikana, tunaoozeshana, tunashindwa nini?

Niseme kidogo jinsi kikosi chetu kinavyoishi, maana wengi wa Mwandiga mnadhani tunacheza kwa saa. Sisi tunacheza kwa mwezi. Wavuvi wetu wa dagaa, siku za giza wako ziwani na taa zao, huko mtandao haufiki, hawaonekani. Mbalamwezi ikitoka dagaa hawafuati taa, boti zinavutwa nchi kavu, na jioni hiyo hiyo simu zinawaka kikosi kizima. Kwa hiyo sisi hujaa na mwezi, na hupungua nao. Siku za giza tunabaki mafundi cherehani, wauza mawese, na mimi. Zamani watu wanaobaki walikuwa wengi. Mmoja akaoa, mmoja akahamia Mpanda, mwingine simu ikaingia majini asinunue nyingine. Giza lililopita tulibaki wanne. Ngome inataka sita.

Na leo wanatuaga watatu. Kikosi kimoja kikubwa cha Dar es Salaam kimewaona, kimewapenda, kimewaita. Ni heshima kubwa kwa mkoa wetu. Waliniita na mimi, tena walianza na mimi, na barua ya kuniita ilikuwa na maneno ya kubembeleza ambayo mbele ya Mheshimiwa siwezi kuyarudia. Nikaenda kujaribu jioni moja. Ni mabingwa, sitawasema vibaya. Hawakosei. Lakini hawaongei. Kila mmoja anabonyeza alama ya kwenda kushoto, alama ya kwenda kulia, alama ya hatari, mchezo unaisha, wameshinda, wametoka. Nilikuwa napika wakati huo, kama kawaida yangu, simu imeegemea kopo la chumvi. Hakuna aliyeuliza napika nini. Hapa kwetu sufuria ikilia tu Faridi anasema, "Mjomba, leo tena dagaa?" na Ritha anasema, "Mwacheni, ana nyanya leo, nimesikia anakata." Nikawajibu Dar kwamba nashukuru, ila shughuli zangu za kitaifa haziniruhusu.

Sasa niwasifu wanaoondoka, kwa haki yao.

Ritha, fundi cherehani wa pale stendi ya Mwandiga, ana sikio la kusikia adui anavua viatu Uchina. Lakini mimi simsifu kwa sikio. Namsifu kwa Bi Kuruthumu, mama yetu wa mawese, aliyeingia kikosini mwaka huu, na umri wake sitautaja kwa sababu amenikazia macho. Bi Kuruthumu alikuwa na tabia moja: akifika kwenye mlango wa chumba cha adui, anapiga hodi. Kwa sauti kabisa, kwenye kipaza sauti, "Hodi humu." Adui anamsubiri, anamwangusha. Kikosi kingine wangemtukana mpaka achome simu. Ritha alimfuata kila mara, akasimama juu yake, akamnyanyua, halafu akamwambia taratibu, "Bibi, usipige hodi, hao ni maadui."

Bi Kuruthumu akajibu, "Adui ndiye wa kupigiwa hodi, mwanangu. Kwa rafiki naingia tu."

Ritha akacheka, na bibi naye akacheka, ila angalieni: alicheka naye, hakumcheka. Halafu akamwambia, "Basi piga hodi moyoni, Bibi, halafu hesabu pumzi moja uingie." Jambo moja tu, siku hiyo hakumfundisha la pili. Leo Bi Kuruthumu analinda ngazi ya kushoto, na nimewahi kusikia kijana wa Arusha akiuliza kwa woga kama yule mama yupo leo.

Hivyo ndivyo mgeni anavyofundishwa. Mimi siyo mwalimu, lakini nimeshusha na kupandisha mashine nyingi, na nimeona boti zinavyopokea watu. Kwenye boti za dagaa mtu mpya hawekwi mbele kabisa, anawekwa katikati, karibu na mtu anayejua, anapewa kopo la kutolea maji, na kazi yake anaiona ikiwa na faida siku ile ile. Hapigiwi kelele wakati wavu unapanda. Kelele zinasubiri nchi kavu, na nchi kavu ikifika mara nyingi watu wameshasahau. Mbona kwenye simu tunafanya kinyume? Mkongwe anamtanguliza mgeni mlangoni ili apigwe yeye, halafu anajua adui amejificha wapi. Mtu amekuwa chambo, na bado anaambiwa asante haipo. Anaokota silaha nzuri, anaambiwa weka chini hiyo siyo ya saizi yako. Akiuliza, wanamwambia subiri. Akikosea, maelezo yote aliyonyimwa kabla anapewa baadaye, kwa matusi. Na jina lake je? Miezi mingapi anaitwa "we mgeni"? Mtu ana jina lililochinjiwa kuku, mwiteni.

Nije kwa Anatoli. Anatoli ndiye mpigaji bora aliyewahi kutokea upande huu wa reli, baada yangu. Akili yake inafika wakati wengine bado wanavaa. Ni msimamizi mzuri kazini kwake, ni baba mzuri, na siku ya msiba wangu alibeba maji mpaka bega likachubuka. Nayasema haya yote kwanza kwa sababu nitakayosema sasa anayajua, nimemwambia uso kwa uso, na ameniruhusu niyaseme, ingawa alipokuwa ananiruhusu alikuwa anaangalia pembeni.

Mbalamwezi mbili zilizopita tulipata mgeni kutoka Ilagala anaitwa Meshack. Mtu mzima, mpole, kazi yake ni kutunza taa kwenye boti za dagaa. Jioni hiyo tukapangiwa ngome ya giza, ile ambayo taa zote zimezimwa, mnajibanza kimya mkisubiri adui aingie. Meshack akawekwa nyuma, peke yake. Hakuna aliyemweleza. Mimi nilikuwa nimeshaanguka. Walinijia wengi, wanajua wakinitoa mimi wamemaliza kazi. Niko chini, nasikia, sisikiki. Mara nikaona mwanga unawaka ngome nzima.

Anatoli akasema, "Nani kawasha taa?"

Meshack akasema, "Mimi, kaka. Giza limeshaingia."

"Zima."

"Sasa nikizima watakujaje?"

"Akina nani?"

"Hawa tunaowangoja."

Mheshimiwa naona unacheka, na wavuvi mnacheka zaidi, kwa sababu mnajua mtu yule alikuwa na haki. Miaka yote ya maisha yake, giza likiingia na watu wakawa wanangoja kitu, yeye anawasha taa, na kitu kinakuja. Na kweli walikuja. Walikuja wote sita, wakatumaliza.

Anatoli akamwambia, "Boya wewe. Rudi Ilagala ukavue dagaa."

Meshack akajibu, bila hasira, kama mtu anayesahihisha tarehe: "Dagaa hawavuliwi mwezi ukiwa hivi, kaka." Halafu jina lake likazimika. Mchezo uliporudi na mimi nikapata sauti, nilimwita. Nilimwita kwa jina. Tulikuwa tumeshabaki watano.

Kesho yake hakuwepo, na kesho kutwa. Kwenye kikosi, asiyekuwepo jina lake linakuwa la kijivu. Mimi nayajua yale majina ya kijivu, jioni nikisubiri maji yachemke huwa nayapitia, moja moja, kama mtu anayepita kwenye nyumba za watu waliohama. Nikaona hili moja siwezi kuliacha. Nikafunga karakana, nikaenda Ilagala.

Safari ile ni hadithi nyingine. Kwenye mto Malagarasi alitokea mamba, urefu wake ukianzia hapa nilipo mkia unakuwa kwa Mwenyekiti. Akanitazama, nikamtazama. Nikamwambia, "Naenda kumfuata mtu." Akapisha. Kiboko ndiye aliyesumbua, lakini tuliachie hapo, naona Mwenyekiti anatazama saa.

Nilimkuta Meshack kambini, amekaa anasugua taa ambazo zilikuwa safi tayari. Kambi nzima kimya. Boti zimevutwa mchangani, vichanja vya kuanikia dagaa havina kitu. Nikasema, "Meshack, mimi Mjomba." Akanitazama muda, akasema, "Sauti ni yako. Nilidhani wewe ni mrefu."

Nikamwuliza wenzake wako wapi. Akasema, "Mwezi ukitoka wanaenda makwao. Kila mtu ana kwao."

"Na wewe?"

"Mimi nalinda taa."

Kisha akaniambia hivi, nayarudia kama alivyoyasema: "Mjomba, watu wanafurahi mwezi ukitoka. Mimi nikiuona unaanza kukua naanza kuogopa. Nilinunua simu kwa ajili ya zile siku. Jioni ya kwanza nilisikia sauti zenu, mmoja anapika, mwingine anamgombeza mtoto asimwage uji, nikasema hapa pana watu. Sikuwa na haja ya kushinda. Nilikuwa naomba niwe hapo tu."

Nikamwambia arudi. Akasema, "Siwezi kurudi nilikofukuzwa." Nikamwambia hakufukuzwa na kikosi, alifukuzwa na mtu mmoja aliyekuwa na hasira. Akasema, "Wengine walinyamaza, Mjomba." Nikataka kumweleza kwamba mimi nilikuwa chini, kwamba aliye chini hasikiki, na nikaona maelezo hayo hayamsaidii mtu anayesugua taa safi. Nikamwomba aje leo, hapa, atuone sura. Akasema atakuja, ila atakaa karibu na mlango.

Ndugu zangu, hilo ndilo lililo mezani leo, na sitalizungusha. Wakongwe watatu wakiondoka, tunabaki mimi na wageni. Wageni wasipofundishwa wataanguka, wakianguka watatukanwa na watu wa mbali, wakitukanwa watazima simu. Watazima mmoja mmoja, bila kuaga, kama walivyozima wengine. Na kikosi hiki kitakuwa mtu mmoja anayepika, simu imeegemea kopo la chumvi. Mimi nimeshawahi kukaa nyumba ya namna hiyo. Sisemi siiwezi, mimi naweza mambo mengi, nimewaeleza. Nasema sitaki. Na Meshack naye hataki.

Siwazuii kuondoka. Kapteni anayewafunga watu wake kamba siyo kapteni, ni mlinzi wa jela. Nendeni Dar, mkashinde, mkatutaje. Ninachoomba ni mbalamwezi hii moja. Ndiyo kwanza imeanza, boti zimevutwa, wavuvi wote wapo. Dar watasubiri, jiji lile limezoea foleni. Kila mkongwe achukue mgeni mmoja, akae naye mbalamwezi nzima mpaka giza lirudi. Amwonyeshe pembe moja moja. Amwinue akianguka, hata mara ya saba ya kosa lile lile. Amwambie kabla, asimwambie baada. Na asimwache nyuma peke yake gizani.

Na siombi ahadi. Ahadi nilipewa nyingi sana siku ya msiba, watu walinishika mkono wakaniambia tutakuwa tunakuja, na walikuwa wanamaanisha, kisha kazi zikawakamata. Naomba kitu ninachoweza kukiona kwa macho. Tazameni tulivyokaa: wakongwe mko mbele kwenye viti vyenye mito, wageni wako kule nyuma kwenye mabenchi, katikati pamebaki uwanja ambao ningeweza kuegesha boti. Kabla chakula hakijapakuliwa, naomba kila mkongwe ainuke kwenye kiti chake, aende nyuma, akakae na mtu. Kuanzia sasa. Mimi nitasubiri hapa hapa na kipaza sauti changu. Sina haraka, nyumbani hakuna anayeniuliza nimechelewa wapi.

Haya, Ritha huyo. Bi Kuruthumu, msogelee, usimbane. Faridi naye ameinuka, asante mwanangu, pale kwa yule dada mwenye kitenge cha njano, ndiyo, huyo huyo, alijiunga wiki iliyopita na bado anaogopa kuongea. Mwambie anaweza kuongea.

Anatoli.

Mheshimiwa Diwani, ndugu wageni waalikwa, naomba tusimtazame. Mtu akitazamwa na ukumbi mzima hainuki. Tutazame madirisha. Madirisha ya ukumbi huu ni mazuri, mama zetu wameyapaka rangi mwaka huu, na mimi mwenyewe nilitoa ushauri wa rangi. Ukisogea kidogo kwa pale unaona ziwa. Leo halina boti hata moja. Limekaa tu, kubwa hivyo.

Nimesikia kiti kimesogea. Bado tutazame madirisha.

Amefika. Pale mlangoni hakuna kiti cha pili, Meshack amesogea kwenye benchi, amempa nusu. Anatoli amekaa. Sasa Anatoli anasema. Sisikii, na wala mimi siyo wa kusikia hayo. Meshack ametoa simu yake, wameinamia wote wawili.

Basi. Mheshimiwa, hapa mbele nimebaki na wewe, na Mwenyekiti, na viti vitatu vyenye mito. Waliobaki wote wameshageukiana, nawaona migongo, na kelele imekuwa kubwa kiasi kwamba hata mimi mwenyewe siisikii sauti yangu. Nilikuwa nimeandaa maneno mengine mengi, pamoja na ile habari ya kiboko. Nitaiweka.

Nawashukuru mama zetu kwa ukumbi. Nakushukuru Mheshimiwa kwa kuja, na kwa kubaki hapo mbele. Na ninyi wengine wote, asanteni kwa kunisikiliza, hadi pale mlipoacha.